Wifi Yangu Hakupiga Chiti

Watu wa mtaa wetu wakisikia nusu ya jambo, nusu iliyobaki wanaishona wenyewe, na wanaishona vibaya. Nasema kushona kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Mimi ni mpiga pasi na mshona vifungo katika chumba cha mbele cha nyumba yetu. Fundi mwenyewe, mwenye cherehani na mwenye mkasi ambao hakuna anayethubutu kukatia karatasi, ni wifi yangu, dada yake mume wangu. Huyo ndiye waliyempaka matope, na mpaka leo nikipita mbele ya ule ukumbi wa gemu naharakisha mguu nisije nikatamka neno ambalo halitarudi kinywani.

Wifi ni mwanamke mfupi, mkimya, mwenye futi ya kupimia shingoni tangu asubuhi mpaka anapokwenda kuoga. Kaka yake alipelekwa chuo akasomea magari. Yeye aliambiwa abaki nyumbani amsaidie mama yao kutunga uzi kwenye sindano, kwa kuwa macho ya mama yalikuwa yameanza kufifia. Hakuna aliyemuuliza anataka nini. Mama alipofariki, cherehani ikawa yake na wateja wakawa wake, na akavitunza vyote viwili vizuri kuliko vilivyotunzwa zamani.

Mnajua mafundi wanavyosemwa. Ukimpelekea fundi kitambaa, mtu wa kwanza utakayekutana naye njiani atakwambia, "Mwangalie huyo, atakula nusu." Basi wifi hajawahi kula hata kipande cha kufungia kidole. Nguo ikiisha, anaikunja, na vibaki vyote anavitia kwenye mfuko pembeni, hata vile ambavyo havifai kufutia taa. Wateja wengine wanacheka, wanamwambia, "Fundi, takataka hizi nizipeleke wapi?" Anawajibu, "Ni takataka zako. Peleka unakotaka." Nimekaa naye mezani muda wa kutosha kujua kwamba huyu mtu hana mkono mrefu.

Ana tabia nyingine. Mteja akileta gauni la dukani na kusema anataka kama hilo, wifi haliangalii kwa nje. Analigeuza ndani nje, analitandaza mezani, anafuata mishono kwa kidole mpaka ajue bitana, kile kitambaa cha ndani, imeingia wapi na zipu imefichwaje. Hapo ndipo anapochukua chaki. Nilidhani ni mambo ya nguo tu. Kumbe mtu akizoea kuangalia kitu kwa ndani, anaangalia kila kitu hivyo.

Kompyuta iliingia chumbani kwetu kwa bahati. Wifi aliishonea mapazia ofisi moja, na siku anayapeleka akakuta wanatupa mashine zao za zamani. Akaomba moja, akaileta imefungwa kwenye shuka. Alitaka kuhifadhi picha za mitindo. Lakini mume wangu, ambaye ni fundi magari mchana na mpenzi wa gemu muda wote uliobaki, akaiwekea lile gemu la bunduki wanalolipenda vijana.

Kwa asiyelijua, ni hivi. Humwoni mtu wako kwenye kioo cha kompyuta. Unachoona ni mtutu wa bunduki na mikono miwili inayoushika, kana kwamba ni yako, na mbele yako kuna korido, ngazi na maghala. Unatembea, na anayekuona kwanza anakufyatulia risasi. Wifi alipoanza, alikuwa anakufa kila kona. Mume wangu alikuwa anasimama nyuma ya kiti anajipiga mapaja kwa kicheko.

"Umekufa tena, mdogo wangu! Nenda kashone sanda yako mapema!"

Wifi alibonyeza kuanza upya. Aliendelea kufa kimya kimya, hivyo hivyo anavyoshona.

Siku moja alikuwa anafuta kibodi kwa brashi, maana chumba cha fundi kinajaa nyuzi na vumbi la chaki mpaka kwenye chai. Brashi ikagusa kile kitufe cha kushoto kabisa, kilicho chini ya Esc. Kisanduku cheusi kikashuka juu ya gemu na kukaa pale kikisubiri aandike. Wifi akashtuka.

"Kaka! Njoo, nimeiharibu!"

Mume wangu alikuja, akaangalia, akacheka. Naomba mkumbuke kwamba ni yeye aliyecheka na ni yeye aliyefundisha. Mimi nilikuwepo, nilikuwa napiga pasi kola.

"Hujaharibu kitu," alisema. "Hapa ni pa kuandikia amri. Ukiandika hivi, hufi hata wakupige mzinga. Ukiandika hivi, maadui hawakuoni. Na hii hapa inakupitisha ukutani. Vijana wanaziita chiti. Lakini ni za kuchezea mwenyewe nyumbani. Kule ukumbini hazifanyi kazi mpaka kompyuta mama iziruhusu."

"Kompyuta mama ndiyo ipi?"

"Ile inayoongoza nyingine zote. Ikikataa, wote wamekataliwa."

Tangu siku hiyo wifi akapata mchezo wake. Kazi ikiisha, anakaa, anabonyeza kile kitufe, anaandika amri ya kupita ukutani, kisha haui mtu. Anatembea. Anaingia ndani ya kuta, anatokea upande wa pili, anapanda juu ya paa na kulitazama ghala kutoka juu. Siku moja aliniita kwa sauti ambayo sijaizoea kwake.

"Wifi! Acha pasi uje uone! Ukuta huu hauna bitana!"

Nikaenda. Kweli, kwa nje ni ukuta wa matofali na madoa ya unyevu, lakini ukipita nyuma yake hakuna kitu, ni weupe tu. Alikuwa amefurahi kama mtu aliyemgundua mwongo. Akanionyesha kwamba juu ya ghala kuna bati, na anayekanyaga bati anasikika mpaka chini kwenye yale makasha. Akanionyesha dirisha dogo linaloona ngazi nzima. Alikuwa analigeuza lile gemu ndani nje, hakuna zaidi. Akishajua mishono, anazifuta zile amri, anaanza upya kama watu wengine, na anaweza kufa kama watu wengine. Ila alikuwa hafi tena ovyo.

Sasa tuje kwenye ukumbi. Mwenye ukumbi tunamwita Chaji, kwa sababu hata ukienda kumpa pole ya msiba, atakuuliza kama simu yako ina chaji. Ana chumba kirefu nyuma ya duka la vipuri, kompyuta zimepangwa ukutani pande zote mbili na waya zimefungwa kwa vipande vya nailoni. Kila Jumamosi mchana wanashindana. Bingwa anaandikwa kwa rangi juu ya mlango, jina lake la gemu, herufi kubwa. Na kwa desturi yao, bingwa anayetetea jina lake ndiye anayekaa kwenye kompyuta mama, ile iliyo chini ya feni.

Jina lililokuwa juu ya mlango kwa muda mrefu lilikuwa Jenerali. Jenerali ni mume wangu. Nyumbani hawezi kupata soksi zake bila kuniita, lakini kule ni Jenerali.

Wifi alipoingia kwenye ule ukumbi na futi yake shingoni akasema anataka kushindana, walimcheka mpaka mmoja akashika tumbo. Chaji alimuuliza kama amekuja kupima mapazia. Akamwandika kwa jina la Sindano kwa dhihaka. Wifi akakaa. Wa kwanza kukutana naye alikuwa dereva wa gari la wagonjwa la kliniki yetu, mtu mzima mwenye kitambi na makelele, na alipotolewa alipiga meza. Akatolewa wa pili, akatolewa wa tatu. Mwisho wakabaki wawili: Sindano na Jenerali, dada na kaka.

Mimi nilikuwepo, nimesimama karibu na mlango. Mume wangu alifanya anachofanya siku zote, akapanda juu ya ghala akajificha kwenye bati. Wifi hakumtafuta. Alikwenda moja kwa moja kwenye makasha, akasimama, akasikiliza. Bati likalia. Akainua mtutu, akafyatua mara moja. Jenerali akaanguka kutoka juu, na ukumbi wote ukapiga kelele za mshangao, si za furaha.

Mume wangu alicheka siku ile, akampa dada yake mkono mbele ya watu. Kicheko kile hakikufika machoni. Chaji alisema rangi imekwisha, ataandika jina wiki ijayo.

Wiki ikaja, rangi haikuja. Badala yake akaja matroni wa kliniki.

Matroni alikuwa ametuletea kitambaa cha sare za wauguzi wote. Ni kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata, na wifi alikuwa ameshaanza kukata. Kliniki ikivaa kazi ya mkono wako, mtaa mzima unakuja kupima. Huyu matroni ndiye mke wa yule dereva mpiga meza. Aliingia bila hodi, akasimama katikati ya chumba, akatoa simu.

"Fundi, mimi si mtu wa umbea," alisema, na nikajua umbea umefika. "Lakini hii inazunguka kwenye simu za watu wote. Hebu tazama."

Ilikuwa video. Wifi anaonekana kwa mgongo, amekaa mbele ya kompyuta, na kwenye kioo bunduki inapita ndani ya ukuta na kutokea upande wa pili. Chini wameandika: Hivi ndivyo Sindano alivyoshinda.

"Huu si ukumbi," nilisema. "Hapa ni nyumbani. Anacheza peke yake. Hata meza yangu ya pasi hiyo hapo, na lile shuka la maua ni langu!"

"Sikatai, mama. Lakini mtu anayedanganya kwenye mchezo wa bure, kitambaa cha kliniki nitamwachaje nacho? Si mimi ninayesema. Watu ndio wanaosema."

Watu! Mtu akitaka kukutukana bila kujichafua mdomo, anawatuma hao watu. Nilitaka kumjibu, lakini wifi alikuwa ameshasimama. Alikusanya kitambaa chote, kilichokatwa na kisichokatwa, akakikunja kwa utaratibu kama siku zote. Akaongeza mfuko wa vibaki. Matroni akauangalia ule mfuko, akaona haya kidogo, lakini haya zake hazikumzuia kubeba.

Alipotoka, wifi alikaa mbele ya cherehani akaweka mkono juu ya gurudumu lake. Hakulia. Ingekuwa afadhali alie.

"Umesikia kicheko kwenye ile video?" nilimuuliza.

"Nimesikia."

Nami nilikuwa nimekisikia. Mtu anayechukua ile picha alikuwa anacheka chini chini, na kicheko kile nimelala nacho tangu nilipoolewa. Ni mume wangu aliyesimama koridoni na simu yake. Ni kaka mtu.

"Basi twende tukawaambie!" nilisema. "Waambie chiti hazifanyi kazi pale mpaka kompyuta mama iruhusu. Wanajua! Kila anayeingia pale anajua!"

Wifi alitikisa kichwa. "Nikisema hivyo, swali litakalofuata ni nani alikuwa kwenye kompyuta mama. Na alikuwa kaka. Watasema yeye ndiye aliyefungua. Sitaki nijisafishe kwa kumpaka yeye."

Nilibaki nimeshika tama. Huyu amepoteza kazi, jina lake linaburuzwa kwenye simu za watu, na bado anamlinda aliyemwanika.

Mume wangu aliporudi kutoka gereji nilimkuta uani ananawa grisi. Sikumpa taulo.

"Ile video umeichukua wewe."

Aliendelea kusugua vidole. "Ilikuwa utani, mke wangu. Niliichukua zamani, kabla ya mashindano. Nilimtumia rafiki mmoja tu acheke."

"Rafiki mmoja ana midomo mingapi? Matroni amekuja kubeba kitambaa chake!"

Hapo akanyanyua uso. Nitamtendea haki, aliumia. Niliona. Lakini kuumia na kusimama ni vitu viwili, naye alichagua kimoja.

"Nenda ukawaambie ukweli," nilisema. "Sentensi moja tu. Kwamba dada yako alikushinda kihalali."

"Nikisema hivyo watasema namtetea ndugu yangu."

"Hujawahi kumtetea hata siku moja. Watakuwa wamelitoa wapi neno hilo?"

"Ni mambo ya gemu tu. Yatapoa."

"Kwako ni gemu. Kwake ni mkate! Wewe ukichekwa kule ukumbini, kesho magari yanakuja vile vile. Yeye akiitwa mdanganyifu, nani atamwachia kitambaa?"

Alirudi kusugua viganja chini ya bomba. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama anajisemea: "Hujui wanavyonicheka. Miaka yote hiyo, halafu nishindwe na..."

"Na nani? Malizia."

"Na fundi cherehani."

Nilimwachia bomba likimwagika nikaingia ndani, maana ningekaa pale ningemmwagia ndoo ya maji. Wifi alikuwa mlangoni, amesikia yote. Nilifungua mdomo, akanikatiza.

"Muache, wifi. Usimng'oe neno kwa koleo. Nataka aseme mwenyewe."

"Na asiposema?"

"Atasema. Ni kaka yangu."

Tulingoja. Alikuwa anaondoka asubuhi na kurudi jioni, anakula, anasifia chakula, anamuuliza dada yake kama cherehani inahitaji mafuta. Cherehani! Wateja walikuwa wanapungua. Mmoja alituma mtu kuja kuchukua sketi yake ikiwa haina pindo. Mwingine alikuja akasimama akahesabu vipande vyake mbele yetu huku akituchekea. Na yule bwana anauliza habari za mafuta.

Kisha Chaji akatuma ujumbe. Ukumbi umekaa, umeamua. Sindano aje Jumamosi arudie mchezo na Jenerali, na kwa kuwa ana tabia ya chiti, kibodi yake itang'olewa kile kitufe. Akishinda bila kitufe, ataandikwa mlangoni.

Damu ilinichemka mpaka masikio. Walitaka aende kama mwizi anayevuliwa viatu kabla ya kuingia dukani! Nilimwambia asiende. Wifi aliinua futi yake, akaivaa shingoni, akasema, "Nitakwenda. Kaka atakuwepo, na watu wote watakuwepo. Pale hatashindwa kusema."

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka dirishani. Dereva wa gari la wagonjwa alikuwa amekaa mstari wa mbele na soda yake. Chaji alikuwa na bisibisi mkono mmoja, na mkono wa pili alikuwa ameshika kile kitufe, kidogo, cheusi, kama jino lililong'olewa. Kwenye kibodi ya wifi palikuwa na tundu. Mume wangu alikuwa chini ya feni, kwenye kompyuta mama kama kawaida, maana kwa kuwa jina lilikuwa halijaandikwa, bado yeye ndiye bingwa.

Wifi aliliangalia lile tundu. Kisha akamgeukia.

"Kaka, una neno la kusema kabla hatujaanza?"

Nilimkazia macho mume wangu. Nilimwomba kwa macho, Mungu ni shahidi. Aliangalia kioo chake, akaangalia feni, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Cheza tu, mdogo wangu," alisema. "Yaishe."

Niliona kitu kinabadilika kwenye uso wa wifi. Si hasira. Ni ile sura anayokuwa nayo akishamaliza kupima na sasa anachukua mkasi.

"Chaji, rudisha kitufe changu."

"Cha nini? Kama huna mpango wa chiti, utakihitaji cha nini?"

"Nina mpango. Nataka kupiga chiti."

Ukumbi ulilipuka. Dereva alisimama akapiga makofi. "Mmesikia? Mmesikia wenyewe? Amekiri!"

"Nirudishie," wifi alisema, bila kupandisha sauti. "Nataka kupiga chiti hapa, mbele yenu nyote, mwone nilivyoshinda."

Watu walikuwa wanamsukuma Chaji wanataka kuona. Akakibandika kitufe mahali pake. Mchezo ukafunguliwa. Wifi akakibonyeza, kisanduku cheusi kikashuka, akaandika ile amri ya kupita ukutani, herufi kwa herufi, polepole, kila mtu asome. Akaituma. Kioo kikajibu kwa mstari mmoja kwamba kompyuta mama haijaruhusu. Akaukabili ukuta, akatembea. Bunduki ikagonga matofali ikabaki inatikisika hapo hapo.

Akaandika amri ya kutokufa. Jibu likawa lile lile. Akatoka akasimama katikati ya uwanja, peupe.

"Nipige, kaka."

Mume wangu hakutaka. Watu wakamzomea. Akafyatua, wifi akafa. Akafufuka akaja kusimama pale pale.

"Nipige tena."

Akafa tena. Dereva akarudi kukaa kwenye kiti chake.

"Chaji, kaa ujaribu wewe," alisema wifi akampisha kiti. Chaji akaandika. Akakataliwa. Akaandika tena kwa hasira, akakataliwa tena. Wifi akamuuliza kwa upole, kama anamuuliza mteja anataka mikono mirefu au mifupi:

"Nani anaweza kuziruhusu?"

"Aliye kwenye kompyuta mama," Chaji alijibu, na midomo ikamwia mizito alipolisikia neno lake mwenyewe.

"Na siku ile alikuwa nani?"

Vichwa viligeuka kimoja kimoja kuelekea chini ya feni. Hawa watu walikuwa wanalijua jambo hili siku zote, tangu wanafundishwa kushika kipanya. Walilisahau kwa sababu ilikuwa raha kulisahau.

Dereva wa gari la wagonjwa ndiye aliyeanza. "Kumbe ni wewe, Jenerali! Wewe ndiye uliyemfungulia dada yako! Mlikula njama!"

"Na huko nyuma?" mwingine akadakia. "Ubingwa wote ule, kakalia kompyuta mama peke yake! Nani anajua alikuwa anafungua nini?"

"Futa jina lake mlangoni!"

Mume wangu alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Uso ulikuwa umemjaa jasho. Na sasa nisikilizeni, kwa sababu sijawahi kumsikia mtu akisema kwa kasi namna ile.

"Hakuna aliyefungua kitu! Hakuna chiti iliyopigwa hapa, si yangu wala yake! Alinishinda kihalali! Alijua nitakuwa juu ya bati akanisubiri, akanipiga, basi! Na ile video nimeichukua mimi, nyumbani, anacheza peke yake, na zile amri nilimfundisha mimi! Niulizeni chochote, lakini mimi si mdanganyifu!"

Alimaliza akabaki anahema. Ukumbi ukaanza kupiga makofi, yale makofi ya watu wanaotaka kuonekana walikuwa upande wako tangu mwanzo. Chaji alikwenda kuleta kopo. Rangi ilikuwepo. Dereva alijikuna shingo, akasogea akasema, "Fundi, kitambaa cha kliniki kitarudi kesho."

"Kirudi na matroni mwenyewe," wifi alimjibu bila kumtazama.

Alikuwa anamtazama kaka yake. Alizungusha futi yake mkononi, akaitia kwenye mkoba, akaja mpaka chini ya feni akasimama karibu naye sana, kama ndugu wawili wanaoagana. Mume wangu akajaribu kutabasamu. Nilikuwa nyuma yao, nikasikia kila neno.

"Kumbe neno lilikuwemo mdomoni, kaka," wifi alisema. "Lilikuwa linangoja uguswe wewe."